Lenzi Ikitoka, Matone Yanabaki?

Kwamba presha ya jicho hushuka baada ya kuondoa mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyopata ukungu, madaktari walilijua zamani. Ubishi ulikuwa ni kiasi gani. Mgonjwa wa glakoma anayetumia matone tayari presha yake imeshushwa na dawa, kwa hiyo kazi ya kisu haionekani vizuri. Tena presha hupanda na kushuka yenyewe: ukianza kupima siku ilipopanda, ziara ijayo utasifu upasuaji bure.

Mwanya ulipatikana ndani ya OHTS, utafiti wa Marekani ulioanzishwa kwa shabaha nyingine kabisa. Kundi mojawapo lilikuwa la watu wenye presha ya juu ambao kwa makusudi hawakupewa dawa, wakawa wanapimwa tu. Miaka ikasonga, baadhi wakapata mtoto wa jicho, wakapasuliwa. Mwaka 2012 Steven Mansberger na wenzake walichukua macho 63 ya watu hao, wakalinganisha wastani wa ziara kadhaa kabla na baada, kisha wakayapambanisha na macho 743 yasiyopasuliwa. Presha ilishuka kutoka milimita 23.9 za zebaki hadi 19.8, upande wa pili karibu haikusogea.

Sababu moja ni nafasi. Lenzi ya asili hunenepa na umri hadi milimita 4 au 5; ya bandia ni kama milimita 1. Irisi hurudi nyuma, na maji ya jicho hulifikia chujio lake kwa urahisi. Ndiyo maana faida kubwa iko kwa wenye pembe iliyobana kati ya irisi na konea: katika utafiti wa EAGLE wa 2016, baada ya miaka mitatu takriban asilimia 21 ya waliotolewa lenzi walitumia matone, dhidi ya asilimia 61 ya walioanza na leza.

Kwa pembe iliyo wazi, aina ya glakoma iliyozoeleka zaidi Afrika, nalitazama kundi la ulinganisho la HORIZON, utafiti wa kifaa cha kupitisha maji ya jicho: lile lililopata upasuaji wa mtoto wa jicho pekee bila kifaa hicho. Baada ya miaka mitano asilimia 46 hawakuwa na matone. Si haba, ila ugonjwa wao ulikuwa mwepesi au wa wastani. Wengi wetu hufika kliniki mishipa ya fahamu ya macho imeshaharibika. Tena wao walipasuliwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na hospitali zetu nyingi bado hutoa lenzi kwa mkono.

Matone ya steroidi baada ya upasuaji nayo huweza kuipandisha presha kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo dawa ya presha haiachwi siku bandeji inapotolewa. Daktari huipunguza kidonda kikishapona, akipima tena na tena.