Msimbo 25: Probox ya Hanga na hewa isiyopimwa

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, wengi huuliza kwanza: ninunue kifaa gani? Swali hilo lilimgharimu mwalimu mmoja wa Hanga, mashariki mwa Songea, kijiji ambacho watawa Wabenedikti walifungua makao yao mwaka 1957. Gari lake ni Probox ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE. Siku za kazi linampeleka shuleni, na msimu wa mavuno linabeba mahindi. Taa ilipowaka alilipeleka gereji moja mjini. Wakapima kwa kompyuta, ikasoma kwamba mchanganyiko wa hewa na mafuta ni mwepesi, wakambadilishia sensa ya oksijeni. Haikupita wiki mbili, taa ikarudi.

Kazi iliyomaliza tatizo ilifanyika uani kwake, kwa kipande cha waya, plaizi na maji ya sabuni. Naieleza kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio ndio uliomwokoa mwalimu asinunue spea ya pili isiyohusika.

Kwanza tuligeuza ufunguo hadi ON bila kupiga stata. Katika hali hiyo taa ya injini lazima iwake pamoja na zile za oili na betri, kisha zote zizime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa kwenye ON, balbu imeungua au kuna mtu ameichomoa makusudi. Anayenunua gari la mkononi afanye jaribio hili kabla ya kutoa shilingi yake, kwani wapo wauzaji wanaoona kuchomoa balbu ni nafuu kuliko kutengeneza injini. Ya mwalimu iliwaka vizuri, na injini ilipowashwa ikabaki inawaka.

Kisha tukajaribu kifaa kidogo cha ELM327, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa Bluetooth. Hakikusoma kitu. Hili huwasumbua wengi, nao huishia kudhani kifaa ni feki au kompyuta ya gari imekufa. Soketi ina matundu 16 yaleyale ya dunia nzima, lakini lugha inayopita humo si moja. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kwa magari yote madogo kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Magari yaliyojengwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yalikuwa na kanuni zake, na ndiyo tunayoyapokea bandarini Dar es Salaam. Toyota nyingi za miaka hiyo hazijibu salamu ya kawaida ya ELM327, ingawa kompyuta zake ni nzima.

Lakini Toyota ziliachiwa njia nyingine ya kusema, na hapa ndipo waya ulipofanya kazi. Soketi ina safu mbili. Ukiitazama usoni, upande mpana ukiwa juu, tundu la 1 hadi la 8 yako juu kutoka kushoto kwenda kulia, na la 9 hadi la 16 yako chini. Ufunguo ukiwa OFF, waya huunganisha tundu la 4, ambalo ni bodi ya gari, na tundu la 13. Ukishageuza ON bila kupiga stata, taa ya injini inaanza kukonyeza. Tahadhari ni moja, nayo ni nzito: tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja muda wote. Waya ukigusa hapo na bodi kwa pamoja, fyuzi itaungua, na pengine zaidi ya fyuzi. Hesabu matundu mara mbili, kwa tochi. Taa za ABS na eabegi nazo zaweza kukonyeza wakati huohuo kwa sababu zinatumia njia hiyohiyo. Ziache, na usiguse kabisa plagi za njano, kwa sababu hizo ni za eabegi.

Kusoma kwenyewe hakuhitaji haraka. Kila konyezo huchukua nusu sekunde. Taa ikimaliza tarakimu ya kwanza hutulia sekunde moja na nusu ndipo ianze ya pili, na ikimaliza misimbo yote hutulia zaidi ya sekunde nne kabla ya kurudia. Kama hakuna kosa lililohifadhiwa, taa hukonyeza harakaharaka bila kukatika, kwa mapigo yanayolingana. Ya mwalimu ilikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara tano. Msimbo 25, mchanganyiko mwepesi. Ni jibu lilelile la kompyuta ya gereji.

Hapa ndipo njia zilipoachana. Petroli huungua vizuri kwa uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Sensa ya hewa, iliyo baada ya eakilina, hupima hewa inayoingia, na kompyuta huamua nozeli zimwage mafuta kiasi gani. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi huonja matokeo. Ikikuta oksijeni imebaki nyingi, kompyuta huongeza mafuta, tena na tena, mpaka inafika ukomo wake wa kuongeza. Hapo inaandika 25 na kuwasha taa. Kwa hiyo sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na mara nyingi taarifa yake ni ya kweli. Kuibadilisha kwa sababu ya msimbo huu pekee ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga yowe.

Ushauri wa kutoa masega yanayosafisha moshi kwenye eksozi, ambao mwalimu aliupata pia, ni mbaya zaidi. Masega hayahusiki na mchanganyiko mwepesi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye bei kubwa, na mwenye gari aliyeshawishiwa kuyatoa haondoki nayo mara nyingi. Namsihi kila msomaji aulize msimbo kwanza, na masega yakitolewa kwa sababu yoyote ile, ayadai.

Zikabaki sababu za kweli: hewa inayoingia bila kupimwa, sensa ya hewa iliyofunikwa vumbi, au mafuta yasiyofika kwa nguvu ya kutosha. Tabia ya gari hutenganisha hizi. Pampu dhaifu au chujio la mafuta lililoziba hujionyesha gari likipanda mlima na mzigo. Probox hii ilipanda bila kulalamika. Ilikuwa inatetemeka na kumisi pale iliposimama tu, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Dalili hiyo inaelekeza kwenye tundu lililo baada ya throto, kwa sababu injini ikiwa katika hali hiyo, throto imefungwa na mvuto ndani ya manifoldi ni mkubwa.

Kuna mafundi wanaotafuta tundu la namna hii kwa kunyunyizia petroli. Usithubutu, eksozi ya moto iko karibu. Maji ya sabuni yanatosha. Tulinyunyiza kidogokidogo kwenye maungio ya manifoldi, sauti isibadilike. Tukahamia kwenye mpira mfupi unaotoka kwenye vali ya kurudisha mvuke wa injini, juu ya kava ya vali, kwenda kwenye manifoldi. Povu likanyonywa, mluzi mwembamba uliokuwepo ukakatika, injini ikatulia kwa sekunde chache. Tukaubana mpira ule kwa plaizi, injini ikatulia tena.

Kwa juu mpira ulionekana mzima. Ulipochomolewa na kugeuzwa, chini kwenye kona palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, kingo zake zimekuwa ngumu na zinang'aa kwa oili. Joto na mvuke wa oili vya miaka mingi ndivyo vilivyoukausha. Hakuna aliyeuona kwa sababu hakuna aliyeutazama kwa chini.

Mpira mpya lazima uwe wa kustahimili oili; mpira wa mafuta wenye kipenyo kilekile cha ndani unafaa. Kipande cha tyubu ya baiskeli kitalainika na kunyonywa kikajikunja, na hozi ya bustani haiwezi joto. Kwa kuwa barabara za vijijini huku hujaa vumbi wakati wa kiangazi, tulichomoa na sensa ya hewa tukaisafisha kwa spreyi yake maalumu, bila kuigusa kwa kitambaa wala kidole, maana waya wake ni mwembamba mno. Eakilina ilipulizwa kutoka upande wa ndani kwenda nje.

Kufuta msimbo, ufunguo ulikuwa OFF na fyuzi iliyoandikwa EFI ikachomolewa kwa dakika moja. Kufuta hakuponyi. Kompyuta huhitaji kuliona kosa la namna hii katika safari mbili zinazofuatana ndipo iwashe taa, hivyo taa iliyozimika jioni ya matengenezo haijathibitisha chochote. Mwalimu aliendesha kwenda Namtumbo na kurudi, kesho yake shuleni, na siku zilizofuata kama kawaida. Ndipo tukarudisha waya kwenye matundu ya 4 na 13, na taa ikakonyeza harakaharaka kwa mapigo sawa, bila namba.

Mipira mingine ya mvuto kwenye injini ile ina umri uleule, na mmojawapo unakwenda kwenye busta ya breki. Ukipasuka, taa si tatizo tena. Kanyagio litakuwa gumu wakati wa kusimamisha gari lenye mzigo. Kuupima ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu, endelea kulikandamiza, kisha piga stata. Likizama kidogo injini inapowaka, busta na mpira wake vinafanya kazi. La mwalimu lilizama.