Karani Asiyesoma Jina

Katika soko la Migwani, kama ilivyo katika masoko mengi ya Kitui na Makueni, mwananchi asiye na kompyuta huipeleka haja yake ya kiserikali saiba, ambako kijana aliyekaa mbele ya kioo humwombea hati ya mwenendo mwema, humtafutia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, au humjazia ritani za kodi za KRA, kisha akamchapishia karatasi yake, akapokea ujira, na akamwita wa pili aliyekuwa akingoja penye benchi. Tangu tarehe 30 Juni 2023, Rais William Ruto alipozindua huduma zaidi ya 5,000 katika eCitizen, lango la Serikali la mtandaoni, desturi hiyo imekaribia kuwa sharti, na kompyuta moja ya saiba hupitiwa kutwa na watu wengi, kila mmoja na siri zake. Mintarafu ya programu za namna hii, watu huuliza sana kama mgeni mwovu aweza kuingia. Wachache mno huuliza kama programu yenyewe, baada ya mtu kuingia kwa haki na kwa nywila yake halisi, inajua kipi ni chake na kipi ni cha jirani yake. Rai yangu ni kwamba swali hili la pili ndilo lenye madhara makubwa kwa mtu wa Migwani, na ndilo ambalo mashine za kupimia usalama hazina uwezo wa kulijibu peke yao.

Yapo matukio mawili ambayo hutajwa pamoja katika mazungumzo, ilhali ni ya jinsi mbili. Januari 2012 mdukuzi wa Indonesia aliyejipa lakabu ya direxer aliziharibu sura tovuti 103 za Serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Na wingi huo wenyewe ni dalili, kwa kuwa mtu mmoja habuni hila mia na tatu katika usiku mmoja, bali aghalabu huwa ameikuta kasoro moja iliyorudiwa kila mahali. Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliielemea eCitizen kwa maombi ya uongo yasiyo idadi, hata watu wakakosa huduma kwa siku kadhaa, na Waziri Eliud Owalo akaeleza kwamba data haikupotea. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kwa kazi za kundi hilo. La pili ni msongamano uliotengenezwa kwa makusudi, na tiba yake ni ya wenye mitambo na njia za mtandao. Upimaji ninaouchambua hapa unahusu kasoro za aina ya lile la kwanza, zile zilizomo ndani ya kazi ya mwandishi wa programu.

Kazi huanzia mahali ambapo mtumiaji hapaoni. Kila unapobofya kitufe, kivinjari huandika ombi la maneno matupu na kulipeleka kwa seva, yaani kompyuta inayoiendesha tovuti. Mpimaji huweka kati yao programu ya kukamata maombi, kama Burp Suite ya Mwingereza Dafydd Stuttard, au ZAP ambayo hutolewa bure, nayo hulizuia ombi, humwonyesha lilivyo, humruhusu kulitabdili herufi moja au neno zima, kisha huliachilia liende zake. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba kisanduku kinachokataa herufi na kutaka namba tu, kitufe kilichofifishwa kisibofyeke, na sehemu iliyofichwa ndani ya fomu, vyote hivyo ni adabu za kivinjari tu, na kivinjari kimo mikononi mwa mtumiaji. Seva isiyokagua tena kwa macho yake huwa imeamini habari iliyoletwa na mtu isiyemjua.

Kwa kuwa si halali kujifunzia katika mali ya watu, jumuiya ya usalama wa programu ya OWASP, iliyoasisiwa mwaka 2001, ina duka la uongo la kuuza sharubati liitwalo Juice Shop, lililobuniwa na Mjerumani Björn Kimminich na kujazwa kasoro kwa makusudi, ambalo kijana wa Migwani aweza kuliendesha ndani ya kompyuta yake mwenyewe, pasi na bando wala dhambi. Katika kisanduku cha barua pepe cha kuingilia, mpimaji haandiki anwani; huandika alama chache hizi, ' or 1=1--, na mahali pa nywila huandika chochote kile, na duka humpokea kama msimamizi wake mkuu. Sababu ni kwamba mwandishi wa programu alichukua maneno ya mgeni na kuyaunganisha moja kwa moja na amri ya SQL anayoipa hifadhidata: alama ya kwanza hufunga mahali pa anwani, maneno yanayofuata huleta sharti ambalo ni kweli daima, kwa kuwa moja haiachi kuwa sawa na moja, na vistari viwili huifanya sehemu iliyobaki ya amri, pamoja na ukaguzi wa nywila, ihesabiwe kuwa maelezo yasiyotekelezwa. Hifadhidata hutoa safu zote za watumiaji, duka huchukua ya kwanza, na ya kwanza ni ya msimamizi. Kasoro hii iliandikwa hadharani na Jeff Forristal katika jarida la Phrack mnamo Desemba 1998, dawa yake yajulikana, yaani kuitenga amri na maneno ya mgeni yasichanganyike kamwe, na programu kama sqlmap huitafuta yenyewe bila kuchoka. Ina sifa kubwa kuliko inavyostahili siku hizi.

Jaribio la pili halina hata alama moja ya ajabu, na ndiyo maana nalipenda zaidi. Mpimaji hufungua akaunti mbili katika duka lile, tuseme ya Mwende na ya Mutua, akaweka chupa za sharubati katika kikapu cha kila mmoja. Akiwa ameingia kama Mwende, hufungua kikapu chake, na programu ya kati humwonyesha ombi lililopita: /rest/basket/ na mbele yake namba ya kikapu. Huifuta namba hiyo, akaandika ya kikapu cha Mutua, akalituma tena ombi lilelile, na seva humrudishia kikapu cha Mutua kizima, aina za sharubati na idadi ya chupa, bila kunung'unika. Seva haikudanganywa kuhusu Mwende ni nani, kwani ilimjua vyema na kuuthibitisha utambulisho wake. Ilichokosa ni kuuliza kama kikapu kile ni chake. Ni sawasawa na karani wa ghala la ndengu anayetazama kwamba mtu ameshika stakabadhi, akamfungulia gunia lolote analolinyooshea kidole, asilisome jina lililoandikwa juu ya karatasi.

Yatazame majibu hayo mawili yakiwa yamewekwa ubavu kwa ubavu, la kikapu cha Mwende na la kikapu cha Mutua. Yote yana namba 200, ambayo kwa seva maana yake ni kwamba mambo yamekwenda sawa. Yote yana umbo moja na takriban urefu mmoja. Hakuna kosa lililolalamikiwa, hakuna onyo. Mashine inayopita juu yake haioni lolote la kuripoti, kwa sababu tofauti iliyopo haimo katika maandishi, imo katika haki ya watu. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, orodha ya OWASP ya hatari kumi za programu za mtandaoni ilipobadilishwa mwaka 2021, udhaifu wa udhibiti wa ruhusa ulipanda kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza, na ule wa kuingiza amri, uliokuwa wa kwanza mwaka 2017, ukashuka hadi wa tatu.

Mfano wa nchini utalifafanua jambo hili zaidi. Agosti 2022 Tume ya Uchaguzi, IEBC, iliziweka katika tovuti yake fomu 34A za matokeo kutoka vituo vya kupigia kura, ambavyo jumla yake ilikuwa 46,229, na mtu yeyote mwenye simu, Migwani au ng'ambo, aliweza kuzifungua moja baada ya nyingine na kujumlisha mwenyewe. Aliyefanya hivyo hakumdhulumu mtu, kwa maana hati zile ziliwekwa ili zisomwe na wote. Sasa mchukue mtu huyohuyo, umpe tendo hilohilo la kutoka hati moja hadi nyingine, lakini hati ziwe ni za nyumba na mikopo: Mei 2019 mwandishi Brian Krebs alifichua kwamba katika tovuti ya kampuni ya Marekani, First American, nyaraka takriban milioni 885 ziliweza kusomwa na yeyote aliyebadili tarakimu katika anwani ya hati, bila hata kuulizwa nywila. Kwa seva, maombi yale ya Nairobi na haya ya Marekani ni ya jinsi moja. Anayejua kwamba moja ni uwazi na jingine ni fedheha ni binadamu aliyeelezwa kwanza, na wenye kazi, nani anastahili kuona nini. Na mpimaji anayeanza kazi kabla ya kuandikiwa maelezo hayo anapoteza wakati wake na fedha za aliyemwajiri.

Hali ya saiba inaongeza jaribio lake mahususi, ambalo wapimaji waliozoea kompyuta ya mtu mmoja hulisahau. Mtu anapoingia, seva hukipa kivinjari kidakuzi, yaani maandishi mafupi yanayorudishwa katika kila ombi ili seva imtambue. Mpimaji hukinakili kidakuzi hicho, hutoka katika akaunti kwa kitufe cha kutokea kama afanyavyo mtu yeyote, kisha huliita tena, kutoka katika programu ya kati, ombi la zamani pamoja na kidakuzi kilichonakiliwa. Seva iliyojengwa vyema hukataa, kwa kuwa imekifuta kikao upande wake. Seva iliyojengwa ovyo huwa imekiambia kivinjari tu kisahau, nayo yenyewe haikusahau kitu, na hujibu kana kwamba mwenye akaunti angali amekaa palepale. Baada ya hapo hubofya kishale cha kurudi nyuma, kuona kama kivinjari kimeuhifadhi ukurasa wa mwisho, na huifungua folda ya vipakuliwa. Jaribio hili la mwisho si la programu kwa hakika, lakini vyeti vya watu hubaki humo, na mpimaji anayekijua kijiji hulitia katika ripoti yake.

Yote haya yana mpaka wa kisheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 14, humtoza anayeingia bila idhini katika mfumo wa kompyuta faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili. Basi ile namba moja inayobadilishwa kwa furaha katika duka la sharubati yaweza kuwa ushahidi mahakamani ikibadilishwa katika mfumo wa watu. Mpimaji hupewa idhini kwa maandishi, yenye majina ya tovuti, siku, na akaunti za majaribio. Na akikuta data ya mtu halisi husimama penye rekodi ya kwanza, kwa sababu moja yatosha kuwa ithibati. Mwenye mfumo naye, rekodi hizo zikiwa zimefikiwa na asiyestahili na kuna hatari kwa wenyewe, ana saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Ripoti nzuri ni fupi na kavu: ombi kama lilivyotumwa, jibu kama lilivyorudi, akaunti ipi iliona mali ya akaunti ipi. Mwandishi wa programu hurekebisha, na mpimaji hurejea na kulituma ombi lilelile. Likikataliwa hafurahi upesi, kwa kuwa hati moja huwa na njia nyingi za kufikiwa: ya kuitazama kwa kompyuta, ya simu, ya kuichapisha, ya kuituma kwa barua pepe, kila moja imeandikwa na mtu wake katika mwaka wake. Huzipitia zote kwa namba ya Mutua na utambulisho wa Mwende, na mara nyingi hukuta ukurasa sasa unakataa kwa ukali, ilhali njia ya kupakua cheti kwa muundo wa PDF ingali ikimpa yeyote anayeuliza.