Ufundi Ulio Juu ya Chandarua

Wageni wengi wanaofika Kigombe, kijiji cha wavuvi cha wilaya ya Muheza kwenye barabara ya pwani itokayo Tanga kwenda Pangani, hufuata bahari. Maji ya huko yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, na ngalawa zikianza kurudi na samaki kila mtu huelekeza macho ufukoni. Nyumba za wageni za mwambao huu ni zile za vyumba vichache na chai ya asubuhi, na mgeni hushinda siku nzima akitazama mbele. Kazi bora kuliko zote chumbani mwake iko juu ya chandarua: paa la makuti.

Makuti hayafanani. Kuna makuti ya kumba, yanayosukwa kwa kuti zima, ambayo hufaa ua na choo cha nje. Ya kuezekea ni makuti ya viungo, nayo yana kazi zaidi. Mnazi uliokomaa huchipua kuti jipya kama moja kila mwezi na kuangusha lililozeeka, kwa hiyo mali ghafi ipo, ila haiji kwa pupa. Mshonaji huyachana majani kutoka kwenye upongoo, na yaliyokauka mno huyaloweka yasivunjike. Kisha hukunja jani mojamoja juu ya kijiti kirefu chembamba, kila moja likilalia nusu ya mwenzake, na kuyabana kwa mshono unaopita chini kidogo ya mkunjo. Mara nyingi hii ni kazi ya kina mama, hufanywa barazani au chini ya mwembe, na maongezi hayakatiki. Macho yako kwa anayezungumza, vidole vinaendelea na safari yao. Ukitaka kuijua kazi nzuri, lishike kuti lililoshonwa, linyanyue, litikise. Jani lisichomoke hata moja, wala mwanga usipenye kwenye mkunjo.

Kutoka hapo kazi hupokewa na waezekaji. Kabla hawajapanda, mifupa ya paa iko tayari: boriti za mikoko, makombamoyo yanayoshuka kutoka mgongo wa paa hadi upenuni, na fito zilizofungwa kukingama. Mteremko lazima uwe mkali, maana makuti hayazuii maji kwa ugumu wake, huyazuia kwa kuyaharakisha. Paa likilala, maji hutuama na majani huoza. Mwezekaji huanzia upenuni na kupanda safu kwa safu, ncha za majani zikielekea chini na kulaliana kama magamba ya samaki, kila kuti likifungwa kwenye makombamoyo na fito lisipeperushwe na kusi.

Hapo ndipo tabia ya fundi hujulikana. Mwenye haraka huzipa safu nafasi kubwa: paa huisha mapema, makuti hubaki, na tajiri anayehesabu shilingi hufurahi. Fundi mwadilifu huacha safu moja iizidi nyingine kwa upana wa kiganja tu, hivi kwamba popote utakapoweka kidole pana tabaka kadhaa chini yake. Siku ya kwanza, ukiwa nje, huwezi kuyatofautisha mapaa hayo mawili. Masika yakishapita mara mbili tatu, hakuna atakayeuliza lipi ni la nani.

Lifuate tone moja la mvua uone kilichofanyika. Huangukia jani, hutelezea kwenye mkunjo wake mpaka nchani, hudondokea jani la chini yake, na kuendelea hivyo hadi upenuni. Usiku wa masika, wakati nyumba ya bati watu hawasikilizani, chini ya makuti mnaongea kwa sauti ya kawaida. Mchana wa kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, joto hupanda na kujipenyeza kati ya majani likatoka, ndiyo maana vyumba vingi vya aina hii havina dari. Na asubuhi, ukinywa chai kwa vitumbua na machungwa ya Muheza chini ya banda, kivuli ulichokalia kilishonwa jani kwa jani.

Paa hili halidai kudumu. Upande wa kaskazini, njia ya kurudi Tanga, magofu ya Tongoni bado yana sehemu ya kuta za msikiti wa mawe na chokaa baada ya karne nyingi, lakini paa lake halipo tena. Mwenye makuti hupatana na jambo hilo mapema: baada ya miaka michache paa litaezuliwa na kuezekwa upya, na katikati ya muda huo kuti lililooza litachomolewa, jipya lipachikwe mahali pake. Zamani moshi wa jiko la kuni ulisaidia kufukuza wadudu. Chumba cha mgeni hakina moshi, hivyo kinga iliyobaki ni mshono, mteremko na jicho la fundi anayeishi karibu.

Vijijini bati limeshinda, na lina haki yake. Halishiki moto upesi wala halirudi kudai fedha kila baada ya masika kadhaa, na mwenye nyumba ya makuti alihesabiwa maskini kwa muda mrefu. Minazi nayo imekufa kwa wingi sehemu nyingi za pwani kwa ugonjwa wa kunyong'onyea. Ajabu ni kwamba paa lililokuwa alama ya ufukara sasa mgeni hulilipia, na nyumba za wageni ndizo zinazowapa waezekaji kazi ya kurudiarudia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: lakini mwenyeji huyo ni pamoja na mshonaji na mwezekaji, nao hawaponi ikiwa mwenye nyumba atawabana bei hadi walazimike kutanua safu.

Kwa hiyo ukionyeshwa chumba Kigombe, kabla hujauliza habari za maji ya moto, inua kichwa. Tazama kama safu zimebanana, kama mishono imenyooka, kama mwanga unapenya. Ukiridhika, muulize mwenyeji ni nani aliyeezeka, na umsifie fundi huyo kwa jina lake. Sifa za namna hiyo husafiri upesi katika mwambao huu, na anayejenga banda jipya atajua pa kupeleka kazi.