Folda Haikwenda Popote

Flashi ya GB 8 niliyoletewa juzi ilikuwa na folda nne, kila moja na kishale kidogo kwenye kona ya ikoni, kila moja KB 2. Mwenyewe, mwanafunzi aliyetoka kuchapisha ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo steshenari, alishaamini kirusi kimeila kazi yake. Nikafungua sifa za flashi: GB 3 zimetumika. Vijifaili vinne vya KB 2 havijazi GB 3. Ripoti ilikuwa humo humo.

Kirusi hakikuhamisha kitu. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao kila faili au folda huiwekea maelezo mafupi ya baiti 32: jina, tarehe, ukubwa, data inapoanzia. Baiti ya 12 ndiyo ya sifa. Iliyofichwa hupewa 2, ya mfumo wa kompyuta 4, folda 16. Namba hizo hujumlishwa. Folda ya kawaida husoma 16. Zile nne halisi, zilizofichwa, zilisoma 22.

Ujanja uko kwenye ile 4. Ingekuwa 2 peke yake, ungeiambia Windows ionyeshe vilivyofichwa, na folda zingejitokeza zikiwa zimefifia. Ikikuta 2 na 4 pamoja, Windows hudhani hayo ni mafaili nyeti ya mfumo wake yenyewe. Huendelea kuyaficha, na kwenye sifa za folda kisanduku cha kuondoa ufichaji nacho hakibofyeki tena. Kirusi kimeazima ulinzi wa Windows.

Vile vyenye vishale ni njia za mkato tu. Ukibofya, skripti ya kirusi hutangulia, halafu folda yako halisi inafunguka kama kawaida. Nani atashtuka?

Kwenye kompyuta safi, bila kubofya kishale chochote, nilifungua dirisha la amri nikaandika:

attrib -h -s /s /d E:\*.*

Hiyo E ni herufi ya flashi kwenye kompyuta yangu. Lazima h na s ziondoke pamoja. Ukijaribu h peke yake, amri inagoma.

Folda nne zikarudi. Ikatokea na ya tano, ambayo kijana hakuitambua. Ndani mlikuwa na skripti moja.