Nyumba nzuri, ila bibi atapandaje?

Ndugu msomaji, leo nataka tusome pamoja utafiti mmoja ninaoupenda, halafu nikuoneshe mahali unaponiudhi. Ila kwanza nianze nyumbani.

Bibi yangu anaishi kijiji kimoja wilayani Handeni. Mwaka juzi alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Aliruhusiwa kurudi nyumbani na karatasi ya mazoezi. Zoezi mojawapo lilikuwa kupanda na kushuka ngazi, asubuhi na jioni. Nyumba ya bibi haina ngazi. Ni nyumba ya miti iliyokandikwa udongo, bati juu, choo cha shimo nyuma. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hizo ngazi nizifuate wapi, msikitini?" Tukacheka sana.

Usiku ule niligundua jambo lisilochekesha. Kuanzia saa kumi jioni bibi alikuwa hanywi maji kabisa. Ukimuuliza anasema hana kiu. Kumbe anaogopa safari ya chooni usiku: kizingiti cha mlango wa nyuma kiko juu, njia ina mteremko, na akifika lazima achuchumae kwa mguu mmoja wenye nguvu. Mzee wa kiharusi, ambaye pengine ana presha na anameza vidonge, anajinyima maji kwa sababu ya kizingiti. Tangu hapo siwezi kusoma utafiti wowote wa nyumba bila kumtafuta bibi ndani yake.

Sasa twende kwenye utafiti wenyewe.

Mwaka 2017 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha matokeo ya nyumba za mfano zilizojengwa Magoda, wilayani Muheza, jirani kabisa na Korogwe. Timu iliongozwa na daktari Lorenz von Seidlein, na msanifu majengo alikuwa Jakob Knudsen. Wazo lao ni zuri na jepesi kueleza. Nyumba nyingi za vijijini kwetu zina kuta nzito na madirisha madogo, na juu ya ukuta kuna uwazi unaopitisha mbu. Ndani kuna joto, watu wanaona chandarua kinawabana, wanakiacha. Je, tukijenga nyumba yenye kuta zinazopitisha hewa lakini hazipitishi mbu, na tukaunyanyua mlango wa chumba cha kulala kutoka ardhini, itakuwaje?

Wakajenga nyumba 6, kwa kutumia mianzi, mbao na nyavu za kivuli, nyingine za chini na nyingine za ghorofa. Wakatega mbu ndani na kupima joto, wakalinganisha na nyumba za kawaida za kijijini. Nyumba za ghorofa zilikuwa na mbu pungufu kwa asilimia 96. Za chini, asilimia 77. Hata nyumba za kienyeji zilizofanyiwa marekebisho tu zilipunguza mbu kwa asilimia 43. Na usiku nyumba mpya zilikuwa na ubaridi zaidi, tofauti ya nyuzi 2 hivi. Kwa anayejua joto la ukanda ule mwezi wa pili, nyuzi 2 si mchezo.

Sifa yangu ni ya kweli. Utafiti huu ulitoka kwenye mazoea ya kumpa mtu dawa na chandarua na kumwacha palepale alipo. Uliiona nyumba yenyewe kama kinga.

Lakini angalia nyumba iliyoshinda. Ni ile ya ghorofa. Chumba cha kulala kiko juu, choo na jiko viko chini. Kwa kijana, ushindi mtupu. Kwa bibi yangu, nyumba hiyo ina mambo mawili tu: ama alale chini peke yake, mahali ambapo mbu ndiko waliko, ama apandishwe juu na asishuke tena. Kwenye kipimo cha mbu amepona. Kwenye maisha yake amefungwa.

Utasema, wewe unawadai watafiti wa malaria kitu ambacho hawakukifuata. Hoja ina nguvu, nakubali. Kanda hii inajulikana duniani kwa malaria na kwa watoto. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, na waliochanjwa walikuwa watoto wadogo. Chombo cha kupimia kinafuata fedha na historia. Ila nyumba si chanjo. Chanjo unampa mtoto mmoja. Nyumba unawapa wote wanaolala humo, pamoja na yule mzee wa kwenye kona. Ukisema "nyumba bora kwa afya" bila kutaja ni afya ya nani, umeshachagua.

Na uchaguzi huo haukuishia Magoda. Wazo lilihamia Mtwara, zikajengwa nyumba 110 za ghorofa ziitwazo Star Homes, safari hii zikiwa na choo na mfumo wa kuvuna maji ya mvua. Hapo nilipiga makofi, maana choo na maji ndiyo kilio cha mzee. Ila ugonjwa unaohesabiwa mle ni wa watoto wa chini ya miaka 13: malaria, kuhara, na maambukizi ya njia ya hewa. Bibi akianguka kwenye ngazi, tukio hilo halina safu kwenye jedwali.

Upande wa pili nao una shida yake, tena ya kuchekesha kidogo. Tafiti nzuri za uzee Tanzania nyingi zimetoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Ndiko walikogundua kwamba kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 wana dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau ambao mitaani tunauita uzee tu. Hai pia wamechunguza kiharusi na ulemavu wa wazee kwa miaka mingi. Kupima mzee anajiweza kiasi gani, kipimo kinachotumika sana, hata huko, ni cha Barthel. Kilichapishwa Marekani mwaka 1965. Kina vipengele 10: kula, kuoga, kujisafi, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kitandani, kutembea, na... kupanda ngazi.

Umeona? Mzee wa nyumba ya udongo anaulizwa kuhusu ngazi ambazo hana, haulizwi kama anaweza kuchuchumaa. Haulizwi kama anaweza kujitekea maji ndoo ndogo, kuvuka kizingiti, au kuinuka kutoka kwenye kigoda. Na karatasi ya mazoezi ya bibi imezaliwa ukoo huohuo.

Kwa haki, watu wa Hai waliliona pengo hili. Walitunga dodoso lao la shughuli za kila siku na kulijaribu vijijini badala ya kuazima la Ulaya kama lilivyo. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka ifike Handeni na Korogwe, na iingie kwenye nyumba, isiishie kwenye kumbukumbu ya mzee.

Kwa nini Handeni na Korogwe? Kwa sababu hapa maswali yamelala barabarani. Chukua Korogwe. Mashamba ya mkonge yalileta vibarua kutoka mbali, wale walioitwa manamba. Ofisi ya kuwaajiri, SILABU, ilianzishwa 1944, ikasomba watu kutoka pembe zote za nchi na nje yake. Walijengewa kambi: vyumba vya mstari kwa wanaume wenye nguvu waliotarajiwa kurudi kwao mkataba ukiisha. Wengi hawakurudi. Mkonge ukaanguka, wao wakazeekea mle. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Sawa, lakini mzee aliyekuja peke yake na namba mkononi, familia yake ni ipi? Ni jirani wa chumba cha pili. Sijaona utafiti wa nyumba unaomhesabu jirani huyo kama sehemu ya nyumba.

Au chukua Msomera, Handeni, ambako tangu 2022 zimejengwa nyumba nyingi za ramani moja kwa ajili ya watu waliotoka Ngorongoro. Kwenye boma la Kimaasai, mzee ana nyumba za watoto na wake zinazomzunguka, akikohoa anasikika. Ukiigeuza boma kuwa nyumba moja ya vyumba kadhaa, nani anamsikia nani usiku? Hilo ni swali la kupimika kabisa, wala halihitaji maabara.

Ombi langu kwa wenzangu wanaoandika mapendekezo ya utafiti wa makazi, hasa mlioko Tanga, ni dogo. Ongezeni maswali manne tu: mzee analala wapi, anakwenda wapi usiku, anashika nini njiani, na nani anamsikia akiita. Na nyumba ya chini iliyopunguza mbu kwa asilimia 77 isitupwe kwa sababu ya ile ya 96. Kwa kaya yenye mzee, huenda hiyo ndiyo iliyoshinda. Wataalamu wa utengamao nao, kabla ya kuandika zoezi la ngazi, wamuulize mgonjwa mlango wake ukoje.

Kwa bibi tulimwita fundi wa kijijini. Alikata kizingiti, akachimbia nguzo mbili za kushikia, akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo. Kazi ya siku moja na nusu. Mzee mmoja si utafiti, najua, na mtu asije akaninukuu. Lakini juzi nilipompigia saa moja usiku, simu ilipokelewa na mdogo wangu. Akasema ngoja kidogo, bibi anamalizia chai.