Kabla ya Ufunguo

Fundi alikuwa na sharti moja, na alilitoa kwa simu siku moja kabla: gari lisiwashwe asubuhi hiyo. Injini yenye moto huficha mengi. Tulipofika kwa mwenye gari, mtaa wa Tudor, Mombasa, alisalimia, akaomba boneti lifunguliwe, kisha akaweka kiganja juu ya rediyeta na baadaye juu ya injini yenyewe. Baridi. Hapo ndipo alipofungua mkoba wa spana.

Rafiki yangu alitaka kununua Mercedes-Benz 300E, saluni ya umbo la W124 lililozinduliwa mwishoni mwa 1984. Vijana wa leo huliita gari la babu. Enzi zake, silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, zenye ujazo wa lita tatu, zililipeleka zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Na saluni ndefu za Kijerumani hazikuwa za lami tu: mwaka 1987 Hannu Mikkola na Arne Hertz walishinda Safari Rally kwa Audi 200 quattro, Walter Röhrl akafuata wa pili kwa gari kama hilo. Gari la umri huu huwezi kuliagiza Kenya kutoka nje, kwa kuwa magari yaliyotumika yakipita miaka minane hayaruhusiwi. Unanunua lililokwisha kuzeekea hapa, pamoja na chumvi na mashimo yake yote.

Boneti la W124 husimama wima kabisa, na fundi alilipandisha hadi mwisho. Kwa kitambaa chenye mafuta ya taa alisafisha ukuta wa bati nyuma ya injini mpaka namba ya chesisi ikaonekana: WDB124030, kisha 2. Tarakimu zile sita ndizo zinazosema hili ni 300E, na ile 2 inasema lilitoka kiwandani likiwa na usukani wa kulia. Akailinganisha na hati, tarakimu kwa tarakimu, kidole kikifuata.

Kutu ilimchukua muda mrefu kuliko yote. Alitoa sumaku aliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, akaitembeza milangoni, kwenye mabawa, chini kwenye vishikio vya jeki. Penye bati inanata. Penye pati inateleza. Iliteleza mahali pamoja, nyuma ya gurudumu la mbele la kulia. Hakusema neno, alitia alama ya chaki tu. Akainua zulia, akatoa tairi la akiba, akapapasa shimo lake kwa vidole kutafuta unyevu. Mwenye gari alileta chai, na ilipoa.

Plagi zikafuata. Alizitoa moja moja na kuzilaza juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake, akazitazama kwenye mwanga: kahawia kavu, isipokuwa ya tano iliyokuwa na unyevu wa oili. Akachomoa waya wa koili, akafunga geji ya mgandamizo tundu kwa tundu huku rafiki yangu akizungusha stata, na namba akaziandika kwa chaki sakafuni. Ukubwa wake haukumshughulisha sana. Alitaka zikaribiane, na zilikaribiana.

Ndipo akaruhusu gari liwashwe, naye akaenda kusimama nyuma, kwenye ekzosi. Moshi wa buluu ulitoka kidogo ukakatika. “Sili za valvu,” alisema. “Ringi zingekuwa zimekwisha, moshi usingekatika.” Lakini mngurumo ulikuwa ukipanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Wengi wangekimbilia mfumo wa mafuta wa Bosch, ule KE-Jetronic, wakaanza kukaza na kulegeza skrubu. Yeye alikwenda nyuma ya betri, akachomoa kisanduku kidogo cha bati chenye fyuzi kichwani, kinacholinda kompyuta ya mafuta na ya breki za ABS umeme ukizidi. Akakifungua, akatuonyesha risasi iliyopasuka ufa mwembamba kama unywele. Akapasha pasi ya kulehemu, akagusa mara moja, akakirudisha. Mngurumo ukatulia. Hiki ndicho ninachokistahi zaidi kwake: mikono yake haitangulii macho.

Barabarani alizima redio. Gari hili, usipokanyaga kwa nguvu, huondoka kwa gia ya pili, na asiyelijua hudhani giaboksi imekufa. Yeye alihesabu mabadiliko mawili tu, kisha akakanyaga hadi chini ili gia ya kwanza ijitokeze. Bei ilishuka kwa sababu ya alama za chaki, umiliki ukahamishwa kwa mtandao wa NTSA, na kesho yake alfajiri tukapanda Mazeras kuelekea Nairobi, kilomita karibu 480, tukipishana na malori hadi Mariakani. Joto la injini halikuyumba. Voi alisimamisha gari, akapima oili, akagusa vitovu vya magurudumu yote manne, kimoja baada ya kingine.

Kufika Mtito Andei alikuwa ameshaandika vya kununua barabara ya Kirinyaga: bushi za nyuma, boljointi mbili, sili 12 za valvu. Kichwa cha injini hakitashushwa. Atajaza silinda upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi ili valvu isidondoke ndani, aondoe springi, abadilishe sili, kisha ahamie silinda inayofuata.