Heko kwa Fundi Viatu wa Mbinga

Tandiko la farasi ni nadra kuonekana Mbinga, lakini elimu ya kulitunza ipo, mikononi mwa mafundi viatu. Ngozi, iwe ya tandiko au ya kiatu, hulainishwa na mafuta yaliyomo kwenye nyuzi zake. Ikilowa kisha ikakaushwa motoni, hukakamaa na kupasuka. Ndiyo maana fundi hodari haanzi na dawa ya viatu. Kwanza hukwangua tope jekundu la Umatengo, hupitisha brashi kwenye mishono, hufuta kwa kitambaa chenye unyevu, kisha huanika kivulini. Dawa huja mwisho, kidogo kidogo, ikisuguliwa mpaka iingie.

Wapo wanaosema kazi hii imepitwa na wakati, kwani kandambili ni rahisi na mitumba imejaa. Kwa mvuvi wa Mbamba Bay anayeshinda majini, kandambili zinafaa, sikatai. Mkulima wa kahawa anayeshuka mteremko wenye utelezi anahitaji kiatu imara, na hata cha mtumba hakidumu bila matunzo. Soli iliyoisha hubadilishwa. Ngozi iliyopasuka haishiki uzi. Halmashauri iwajengee mafundi hawa vibanda vyenye paa, maana masika ndiyo msimu wao wa kazi.